Ndege wa Mida walikuja, ila mabasi yalikuwa yameshaondoka

Mhariri,

Mimi ni mama wa mahamri hapa Gede. Gazeti lako hunifaa mara mbili: kwanza nalisoma, kisha nafungia wateja. Lakini ukurasa mmoja wa juma lililopita nimeshindwa kuufungia kitu. Nimeukata kwa kisu nikauweka chini ya mkebe wa iliki, nikasema nikipata nafasi nitaujibu. Leo mvua imenyesha tangu alfajiri, wateja hakuna, basi nimekaa.

Habari yenyewe ni ya ule msafara wa Oktoba wa kutazama ndege wahamao kwenye hori ya Mida, mkono wa bahari hapa karibu na Gede. Iliandikwa kwamba watu zaidi ya mia moja, wengi wao watoto wa shule, walikwenda kuwalaki ndege watokao kaskazini ya mbali, wakaona "wachache mno", na mmoja wa waalikwa akatamka kwamba ndege hao sasa wameacha kuja pwani yetu. Mhariri, mimi nilikuwepo. Nilikuwa nyuma ya meza ya chai. Ndege walikuja, tena kwa makundi. Walikuja wakati hao waliohojiwa wameshafika Malindi wanavua viatu.

Nieleze tangu mwanzo. Niliagizwa mahamri mia tatu, viazi karai, na chai ya maziwa ya tangawizi. Ijumaa baada ya magharibi nikakanda unga, nikaufunika, na saa nane usiku nikawasha jiko. Nilipotoka uani kuchota maji sikuhitaji taa. Mwezi ulikuwa juu, mpevu, unang'aa kama sinia jipya. Hapo ndipo wasiwasi uliponiingia, kwa sababu ratiba ya shughuli nilikuwa nimepewa, nami nilikuwa nimeibandika ukutani ili nijue chakula kinatakiwa saa ngapi. Ilisema: saa tatu na nusu kuwasili, saa nne hadi saa sita kutazama ndege, saa sita hotuba na chakula, saa saba na nusu kuondoka.

Marehemu babangu alikuwa mvuvi wa madema hapo Dabaso. Hakusoma, lakini alitukaririsha maji kama watoto wengine wanavyokaririshwa jedwali la kuzidisha. Mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka ni bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Siku za bamvua maji hujaa saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku ikipita saa hizo husogea mbele, robo tatu ya saa au zaidi kidogo, mpaka ufike kwenye maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana, kisha bamvua nyingine, unaanza upya. Mtoto wa Mida asiyejua hayo atakwama na mtumbwi matopeni akae humo kutwa nzima, na ilinitokea mara moja, sikurudia.

Sasa itazame ratiba ile. Siku ya mwezi mpevu, saa nne asubuhi, ndiyo saa ambayo bahari imeondoka kabisa. Mida ikipwa kwa bamvua si maji tena, ni uwanja. Unaona matope na mchanga mpaka macho yachoke, na maji yamebaki mkondo mmoja huko katikati. Na ndege hawa hawakai pale ulipo wewe na kamera yako. Wao wanafuata chakula: minyoo, kaa wadogo wenye gando moja kubwa, vikonokono. Maji yakienda mbali wanatawanyika nayo, huyu huku, yule kule. Maji yakirudi ndipo wanaposukumwa kidogo kidogo, wakisongamana, mpaka wanafika mbele ya mikoko unapoweza kumhesabu mmoja mmoja vidole. Hilo ndilo waandalizi hawakulijua. Wangeweza kumuuliza mvuvi yeyote, au hata mimi muuza mahamri.

Basi, walikuja. Fulana nyeupe mpya, kipaza sauti, mabango. Wakapangwa juu ya lile daraja la mbao linaloning'inia kupita katikati ya michu na mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia. Kibanda kinatazama mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi lilikuwa usoni mwao, na joto likifukuta kutoka kwenye matope hata kila kitu cha mbali kikawa kinatetemeka. Darubini zilikuwa chache, zikipitishwa mkono kwa mkono. Binti mmoja wa darasa la sita alikuja mezani kwangu akaniuliza, "Mama, hao ndege ndio vile vidoa?" Nikamwambia ndiyo mwanangu, ndio vile vidoa. Akachukua hamri lake akakaa chini ya mti. Nilimhurumia, maana ameamka saa kumi na moja kuja kuona vidoa.

Watu wazima wengine wakachoka na vidoa. Wakashuka darajani kuwafuata ndege kwa miguu ili wapige picha. Mmoja alizama mpaka magotini, ndara yake moja imebaki Mida hadi leo. Kila wakisogea hatua kumi, ndege wanaruka wanatua mbali zaidi. Kijana mwongozaji, mtoto wa hapa hapa kijijini anayewajua ndege wale kuliko mtu mwingine yeyote aliyekuwepo, aliwasihi warudi. Aliwaambia kila mnapomrusha mnamchomea mafuta aliyokuja kuyajaza. Hawakumsikiliza. Jina lake halikuwa kwenye ratiba.

Saa sita zikaanza hotuba. Sitazieleza.

Ilipofika saa saba nikaona mkondo umeanza kunenepa na vijito vinaingia kwenye matope kama chai inavyoingia kwenye hamri. Nikamwendea dada mmoja wa waandalizi, aliyekuwa na kitambulisho shingoni. Nikamwambia, "Dada, subirini kidogo tu. Maji yanarudi, na ndege wanarudi nayo." Alinijibu kwa heshima zote, simlaumu kwa hilo: "Mama, mabasi yamekodiwa mpaka saa nane." Saa saba na nusu injini zikawashwa. Watoto walipunga mikono madirishani, na mimi nikabaki na masufuria yangu, maana tuktuk ya kunichukua ilikuwa ije baada ya alasiri.

Nilikuwa nasugua sufuria ya pili kwa mchanga yule kijana aliponiita. "Mama, acha hivyo vyombo. Njoo uone." Alikuwa ameteremsha ile darubini kubwa ya miguu mitatu ikawa kimo changu. Walikuwepo pia walimu wawili waliokuja kwa matatu, wasio na haraka ya basi, na watoto wanne wa kijiji waliokuwa wananyemelea viazi karai vilivyobaki. Kundi letu lote ni hilo: watu wanane. Jua sasa lilikuwa nyuma yetu, linawamulika ndege badala ya kutumulika sisi.

Nimeishi na ndege hawa miaka hamsini na minne, Mhariri, na siku zote nimewaita wote vitwitwi, basi. Siku ile nilimwona kitwitwi mmoja ana mdomo mweusi uliopinda kwenda chini kama shazia ya kushonea magunia. Mwingine mdomo wake umepinda kwenda juu, miguu rangi ya chungwa, anakimbia huku na huku akifukuza kaa kama mtoto aliyetumwa dukani akaangusha chenji. Palikuwa na sululu, yule mkubwa anayepiga mluzi mara saba, ambaye babangu alisema akilia usiku ujue maji yanageuka. Na palikuwa na vidogo kabisa, ambavyo mwongozaji alisema kimoja kina uzito wa kama gramu 25. Mimi gramu nazipima kwa jikoni: ni vijiko vikubwa viwili vya sukari. Vijiko viwili vya sukari vimetoka Siberia vikaja Mida.

Huyo wa mdomo wa shazia huzaliwa Taimyr, ncha ya kaskazini ya Urusi. Kutoka huko mpaka hapa, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 9,000, na yeye hasafiri kwa mstari ulionyooka. Anaondoka kwa sababu huko majira yamegeuka. Kamusi zetu huyaita majira hayo vuli, lakini tusidanganyike na jina. Vuli yetu ni mvua ya kunde na mahindi ya haraka. Vuli yao ni wadudu kufa na ardhi kuanza kuganda, na mdomo wa kudokolea matope hauwezi kudokoa barafu. Baba wa hao vifaranga huondoka kwanza, mayai hata hayajaanguliwa. Mama hufuata. Watoto hubaki mpaka mbawa zikomae, kisha nao hufunga safari peke yao, bila mkubwa wa kuwaonyesha njia, na wanafika. Wengi wa tuliokuwa tunawatazama Oktoba ile walikuwa watoto wa mwaka huu huu, alisema yule kijana. Alituonyesha manyoya ya mgongo yenye kingo nyeupe kama magamba ya samaki. Mimi mwanangu wa mwisho nikimtuma Kilifi hunipigia simu mara tatu.

Lakini aliyenifanya nisahau masufuria ni mwingine. Alikuja kwenye kundi la kama ishirini, wanatembea polepole mbele ya maji, warefu, wameshika adabu zao. Mweupe pe, na mgongoni mweusi: bwana harusi kabisa, kanzu nyeupe na kizibao cheusi. Mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyu hatoki Siberia. Ni wa huku huku kwenye bahari yetu: Omani, Ghuba, Bahari ya Shamu, Somalia. Huko huchimba shimo refu mchangani, hutaga yai moja tu jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Nikasema kumbe huyu ni mgeni wa njia ile ile ya majahazi ya babu zetu, ila yeye hakusubiri kaskazi ivume, amekuja wakati wa tanga mbili, pepo zinapobadilishana.

Na yeye, tofauti na wale wa Siberia, huja na mtoto wake. Tulimwona mmoja, kimo sawa na mamake, ila mgongo bado wa kijivu. Anamfuata mamake kila hatua akipiga kifilimbi cha kuomba, na mama anakamata kaa, anamvunja, anampa. Mwongozaji akasema wanaweza kuendelea hivyo miezi kadhaa baada ya kufika. Nilicheka mpaka walimu wakanitazama. Nyumbani kwangu nina mmoja wa miaka ishirini na sita, kimo amenipita, na kifilimbi chake ni hicho hicho.

Saa tisa na nusu maji yakafika kwenye mizizi ya mikoko. Ndege wakawa hawana tena pa kusimama. Wakainuka wote kwa pamoja, mamia, wakageuka mara moja kama kitambaa kinachokung'utwa, weupe ukaonekana, kisha wakaelekea upande wa visiwani wakapumzike mpaka maji yapwe tena. Mmoja wa wale watoto wa kijiji, ambaye alikuja kwa ajili ya viazi, alisema "Eee!" akanyamaza. Mimi nami sikuwa na la kuongeza.

Sasa mnielewe kwa nini ile habari imeniudhi. Si kwamba nasema ndege hawapungui. Wanapungua. Yule wa mdomo wa shazia, na mwenzake wa kijivu mwenye kwapa jeusi ambalo huliona anaporuka, mwaka 2024 waliingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Kule wanakozaliwa joto linapanda, na njiani matope wanayotua kula yanajazwa kifusi yajengwe. Hilo ni jambo zito. Ndiyo maana halifai kuandikwa kwa ushahidi wa watu waliotazama kwa muda wa saa mbili tu, wakati usiofaa, wakaenda zao. Leo mkisema Mida ndege hawaji tena, kesho atatokea mtu na ramani ya hoteli atuulize, "Kwani mnahifadhi nini hapo?" Na kuna watoto wa vijiji vinavyopakana na hori na msitu wa Arabuko-Sokoke ambao karo ya sekondari huchangiwa na ada wanayolipa pale darajani wageni wanaokuja kutazama ndege. Mgeni akisoma hakuna ndege, haji.

Shemeji yangu nilipomweleza haya alisema kutazama ndege ni mambo ya wazungu. Nikamwambia yeye hukaa barazani kutwa akitazama watu wapitao, na hao hawajatoka hata Mombasa.

Ninaloomba ni dogo. Misafara hii ipangwe kwa mwezi, isipangwe kwa kalenda ya ofisi. Najua kuna Siku ya Ndege Wahamao Duniani, iliyoanza mwaka 2006, na siku hizi huadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba. Nzuri. Lakini maji hayajui Jumamosi. Mwaka mmoja Jumamosi hiyo itaangukia bamvua, mwingine itaangukia maji mafu. Hotuba zifanyeni siku hiyo, fulana zivaeni siku hiyo, lakini watoto wapelekeni Mida siku ambayo maji yamekubali. Kama lazima iwe asubuhi kwa ajili ya mabasi, chagueni siku ambayo mwezi tangu kuandama una siku kumi, au ishirini na tano hivi: hapo maji hujaa karibu na adhuhuri, na saa tatu hadi saa tano ndege wanakuja wenyewe mpaka miguuni. Kama ni bamvua, basi njooni saa saba, mkae mpaka saa kumi, na jua litakuwa mgongoni kwenu. Asiyejua kuhesabu mwezi, majedwali ya maji hutolewa kila mwaka na Mamlaka ya Bandari.

Hata wataalamu wenyewe hufanya hivyo. Yule kijana alinieleza habari za Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, ambako tangu 1969 watu hukamata ndege wahamao kwa nyavu laini, wakawavisha pete mguuni na kuwaachia. Huko hawaendi siku yoyote. Wanangoja Novemba na Desemba, usiku wa giza usio na mwezi, ukungu ukiteremka mlimani, kwa sababu ndipo ndege wanaosafiri usiku huvutwa na taa za pale wakashuka. Wao wanafuata mwezi kwa kutaka giza lake, sisi tungeufuata kwa kutaka maji yake.

Na huyo mwongozaji awekwe kwenye ratiba, jina lake liwe juu, apewe kipaza sauti yeye kwanza. Au bora asipewe kipaza sauti kabisa, wala mtu mwingine asipewe. Tulipokuwa wanane tulinong'ona, na sululu alikuja karibu hata bila darubini nikaona jicho lake.

Yule binti wa darasa la sita simjui jina wala shule. Kama mwalimu wake anasoma gazeti hili, amwambie vile vidoa vilikuwa ndege kweli, na kwamba ndege hao wapo Mida mpaka Aprili, hawajaondoka. Mnaweza kumrudisha. Mahamri ya darasa lake nitapika bila malipo, ila nipewe habari siku mbili kabla, unga unahitaji kuumuka, na safari hii nitakuwa nayaleta saa kumi, baada ya ndege, si kabla.

Mama wa mahamri,
Gede, Kaunti ya Kilifi